Kivu: mtupa unaua kupe, lakini si kila mtupa

Katika vijiji vingi vya Kivu, mfugaji aliyekosa pesa ya dawa ya kupe anaenda nyuma ya nyumba, kwenye mtupa. Anatwanga majani, anachanganya na maji, kisha anapaka masikio ya ngombe. Ni mmea uleule wa kulewesha samaki mtoni. Wanasayansi wanauita Tephrosia vogelii.

Kwa nini masikio? Kupe wa kahawia, Rhipicephalus appendiculatus, anapenda kukaa pale, na ndiye anayeleta teileriozi, ambayo wengine wanaita ndigana. Ngombe anashikwa na homa, tezi chini ya sikio zinavimba, anahema kwa shida, na wengi wanakufa wasipotibiwa mapema. Lakini kuna nafasi moja: kupe hapitishi ugonjwa mara tu anapouma. Vijidudu vinakomaa ndani yake siku chache baada ya kuanza kunyonya damu. Akifa mbele ya hapo, ngombe ameokoka.

Kunako mwaka 2012, watafiti wa Congo pamoja na wenzao wa Chuo kikuu cha Liège, inchini Ubelgiji, walitangaza matokeo yao juu ya mtupa. Katika maabara, dawa iliyotolewa kwenye majani iliua kupe hao, na ilipoongezwa nguvu waliokufa walizidi. Kinachoua ni rotenoidi, sumu inayozuia seli za mwili kutumia oksijeni. Basi wazee hawakudanganya.

Habari ngumu ilitoka mbali, Malawi, mwaka uleule. Watafiti waliopima mtupa wa wakulima kule waliona kwamba uko wa aina mbili: moja ina rotenoidi, nyingine haina. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Jirani mmoja anasema majani yamemsaidia, mwingine anasema ni uongo. Huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja na mti wake.

Tena, kupe ndani ya kisahani cha maabara si kupe aliye kwenye ngombe anayenyeshewa mvua. Rotenoidi zinaharibiwa na jua. Afadhali kupaka jioni. Na sumu hii haichagui samaki wa nani: makapi yasitupwe karibu na mto wala bwawa, na anayetwanga alinde macho na mikono.

Chama cha wafugaji kinaweza kuanza na chupa mbili. Kupe kumi walowanishwe katika maji ya majani, kumi wengine katika maji matupu, chupa zifungwe kwa kitambaa, wahesabiwe kesho yake na kesho kutwa. Mti ambao majani yake hayaui hata mmoja, mbegu zake zisipandwe kwa kazi hiyo. Na ngombe mwenye homa na tezi zilizovimba apelekwe kwa muganga wa mifugo siku hiyohiyo: mtupa unaua kupe, hautibu teileriozi.