Kilima Kilicholala Kitandani

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu. Leo hamna fisi wala sungura. Nina ubeti mmoja tu, nimeutunga mwenyewe juu ya alfajiri za hapa kwetu Gesima, wakati wa kuchuma majani chai:

Kilima ki kitandani, ukungu kajifunika,
Mama yuko majanini, mikono yachakarika,
Jogoo, waita nani, na sisi tumeamka?
Jua likichungulia, kikapu kimeshajaa.

Mishororo ni minne, kwa hiyo hii ni tarbia. Muyaka bin Haji wa Mombasa alisifika kwa beti za namna hii katika karne ya 19. Kila mshororo una vipande viwili: ukwapi, kisha utao. Pigeni kofi kwa kila silabi: Ki-li-ma-ki-ki-ta-nda-ni. Mizani 8, sawasawa na nyuzi za ala yetu, obokano. Mkifika kwenye “tumeamka,” msiimeze ile “m.” Nayo ina kofi lake.

Vina mnavisikia bila kuambiwa: “ni” katikati, “ka” mwishoni. Kituo, yaani mshororo wa mwisho, kinavitupa vyote viwili na kuleta “a.”

Sasa litazameni neno “kajifunika,” maana utamu uko hapo. Kilima, kwa kawaida, kimejifunika. Mimi nimekisema kama mtu, amejifunika, halafu nikalikata neno likawa “kajifunika.” Kukata huko ni inkisari, na kumeniokolea mizani moja. Lakini hiyo ni faida ndogo. Kubwa ni kwamba kilima kimegeuka mtu mvivu, bado kiko kitandani, na mama wa watu yuko kwenye umande tangu saa ngapi! Hiyo ndiyo tashihisi. Jua nalo linachungulia, limechelewa. Jogoo maskini anaulizwa swali lisilongoja jibu, yaani balagha, kwa kuwa walioamka wamemtangulia.

Wako wanaohesabu mizani mpaka ikatimia, wasiweke ndani mtu wala kilima. Beti zao nazisikiliza mara moja tu.

Haya, kesho kila mmoja aje na ubeti wa pili. Vina badilisheni mpendavyo, ila mshororo wa mwisho uacheni kama ulivyo. Ukirudiwa hivyo katika kila ubeti, tutauita kibwagizo.