Wa miaka 4 ana bajeti, mdogo wake wa miaka 2 je?

SAA kumi na mbili asubuhi, vijia vya Mukuru na Mathare tayari vina shughuli. Akina mama, wengi wao rika letu, wanapitisha watoto dei kea kisha wanakimbilia vibarua: kufulia watu nguo mitaani au kupiga foleni kwenye milango ya viwanda.

Dei kea yenyewe mara nyingi ni chumba kimoja cha mabati. Mama wa mtaa huwalea watoto wa wenzake kwa Sh50 hadi Sh100 kwa siku. Hebu piga hesabu. Watoto kumi wakilipa mia mia, hiyo ni Sh1,000. Toa kodi ya nyumba, maji, makaa na unga wa uji. Siku kibarua kikikosekana, mzazi halipi. Kinachobaki hakitoshi kuajiri msaidizi, kwa hivyo mtu mmoja anabaki na watoto kumi, wengine bado wananyonya.

Sasa serikali iko wapi?

Katiba ya 2010 ililihamishia jukumu hili kwa kaunti. Jedwali la Nne linataja elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto kwa pamoja. Lakini tangu ugatuzi uanze 2013, pesa nyingi zimefuata chekechea: madarasa na walimu wa ECDE, kwa watoto wa miaka 4 na 5. Jijini Nairobi, tangu 2023, mtoto wa shule ya umma hupata chakula cha mchana kwa Sh5 kupitia mpango wa Dishi na County. Mdogo wake wa miaka 2 aliye dei kea ya mtaani hayumo.

Nairobi ina sheria ya vituo vya malezi tangu 2017, inayotaka visajiliwe. Ni jambo jema, maana usalama wa mtoto si mchezo. Ila masharti yakija bila pesa, mama wa dei kea hubaki na njia mbili: afunge au ajifiche.

Wanaoumia zaidi ni vijana. Sera ya elimu inamruhusu msichana aliyejifungua arudi shule, lakini mtoto atabaki na nani? Sheria ya Ajira inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, lakini anayeuza mboga kando ya barabara hana mwajiri wa kumpa likizo.

Na usidhani ni lazima tungoje Nairobi kuu iamue. Mwaka wa fedha wa 2025/26, kaunti zote ziligawiwa Sh415 bilioni. Mgao huo hauna masharti. Kaunti yenyewe ndiyo hupanga matumizi.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na ni haki ya wananchi kutoa maoni. Vikao hivyo wengi wetu huwaachia wazee. Safari hii hudhuria na umuulize MCA wako swali moja: watoto wa chini ya miaka 4 wametengewa shilingi ngapi? Jibu likiwa sufuri, omba vitu vinavyopimika: uji kila siku, mafunzo kwa walezi na usajili bila ada.

Kama huna wa kukuachia mtoto siku hiyo, mbebe uende naye. Wamwone.