Heri Dakika Kumi za Akiba

Waliosema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka walinisema mimi. Kila taa ya chumbani mwangu inapofifia, mkono hunikimbilia wenyewe kwenye tarakilishi nikahifadhi nilichoandika, hata kama ni barua ya mistari mitatu. Ndugu msomaji, sikuzaliwa na woga huo. Nilifunzwa na usiku mmoja hapa Lamu, na karo niliyoilipa hairudishwi.

Nilikuwa nikinakili muswada wa ukoo wetu, ulioandikwa kwa Kiswahili katika khati za Kiarabu, ili niuweke katika hati za Kirumi na vijana wasiosoma khati hizo waupate. Pembezoni ulikuwa umeliwa na mchwa, na maneno kadha wa kadha hayakuweza kusomeka ila kwa mtu aliyeyahifadhi kifuani. Mtu huyo alikuwepo, naye ni shangazi yangu, bibi wa miaka 80 na ushei. Kila alasiri nilikwenda kumsomea, naye akinisahihisha: "Sivyo, mwanangu. Rudia." Kisha hunieleza maana ya neno na mahali lilipokuwa likitumika zamani. Nikirejea nyumbani usiku nilichapa yote moja kwa moja katika tarakilishi. Daftari sikushika, kwa kujiona mtu wa kisasa.

Wiki ya sita, umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mara tatu katika muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa. Tarakilishi ilipokubali kuwaka, faili ilikuwepo kwa jina, lakini ndani mlikuwa na alama zisizosomeka. Fundi alinieleza kwamba umeme ulikatika diski ikiwa katikati ya kuandika. Nakala nyingine sikuwa nayo, na shangazi alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki siku tisa kabla. Muswada ningali nao. Maneno yake yaliyokuwa kifuani mwa bibi yule sinayo, wala hapana duka yanakouzwa.

Baada ya hapo nilifanya kile afanyacho kila aliyeungua: nilikimbilia dawa bila kuuliza ugonjwa. Nilisafiri hadi Mombasa, nikanunua chombo cha akiba ya umeme, kile ambacho wauzaji na mafundi hukiita UPS. Nilichagua kilicho kizito kuliko vyote dukani na chenye namba kubwa kuliko zote. Kikaja kwa basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti, na kutoka gatini kikabebwa na punda hadi mlangoni pangu. Nilikiweka chumba cha juu chini ya mabati, nikakiunganisha na kila kitu nilichokuwa nacho, printa ya leza ikiwemo. Hakikumaliza miezi 18. Kosa halikuwa la duka wala la kiwanda, lilikuwa langu, na ndilo linalonifanya leo nishike kalamu ili mwenzangu asilirudie.

Yatupasa kwanza kujua tunajikinga na nini. Kuna giza la miezi, kuna giza la saa, na kuna giza la dakika. Giza la miezi waliliona ndugu zetu wa Unguja: takriban mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilipoharibika njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Giza la saa tumelionja Wakenya wote. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika takriban kote nchini, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika.

Giza la dakika ndilo mgeni wetu wa kawaida hapa visiwani. Mji wa Lamu ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na katika miaka ya 2010 ukaunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ndefu itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen. Ilikuwa neema, sikatai. Lakini aliyeshika mwisho wa kamba huhisi kila mtikisiko wa walio mbele yake. Umeme hukatika kwa dakika mbili, ukarudi kwa kishindo. Pengine haukatiki kabisa bali hunyong'onyea, taa zikawa nyekundu na feni ikazunguka kwa uvivu.

UPS ni dawa ya giza la dakika, basi. Si dawa ya giza la saa, sembuse la miezi. Atakaye kufanya kazi usiku kucha wakati mji umezima, huyo na aende kwa mafundi wa sola akanunue paneli, inveta na betri kubwa, na hiyo ni safari nyingine yenye gharama nyingine. Anayeingia dukani kununua UPS ananunua dakika. Ananunua nafasi ya kumaliza sentensi, kuhifadhi faili na kuzima tarakilishi kwa heshima. Dakika 10 zatosha kwa kazi hiyo, na mara nyingi umeme hurudi kabla hazijaisha.

Ukishakubali hilo, hesabu inakuwa nyepesi. Tazama nyuma ya kila chombo utakachokiunganisha, usome wati zake, ujumlishe. Tarakilishi yangu ya mezani hula kiasi cha wati 80 ninapoandika tu, kioo chake wati 20, na modemu ya intaneti wati 10. Jumla ni wati 110. Sasa tahadhari na namba ya dukani. UPS huandikwa kwa herufi kubwa 650, na mnunuzi hudhani ni wati 650. Hizo ni volti-ampea. Kigeuze utazame nyuma, na aghalabu utakuta kinabeba wati 360 au 390 tu. Hiyo ndogo ndiyo hesabu yako. Kwangu mimi inatosha na kubaki.

Namba hiyo, hata hivyo, yaeleza mzigo ambao chombo kinaweza kuubeba, haielezi kitaubeba kwa muda gani. Muda umo katika betri. Betri ya kawaida ya vyombo hivi ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, upate wati-saa 84. Kwa karatasi, mzigo wangu wa wati 110 ungedumu dakika 45. Lakini betri ya risasi inayokamuliwa kwa haraka haitoi yote iliyo nayo, na chombo chenyewe hula sehemu yake. Nilipopima kwa saa ya ukutani nilipata dakika 19. Kwa hiyo ukionyeshwa vyombo viwili, kimoja cha 650 na kingine cha 1000, muulize muuzaji kila kimoja kina betri ngapi na za ampea-saa ngapi. Ikiwa vyote vina betri moja iliyo sawa, fedha utakazoongeza zitakununulia nguvu usiyoihitaji na hazitakuongezea dakika yoyote ya maana.

La pili ni aina. Kuna vyombo vinavyokaa kimya hadi umeme ukatike, ndipo betri ishike kazi. Hivyo ni rahisi, lakini katika mji ambao umeme wake hunyong'onyea, kila mnyong'onyeo huvirusha kwenye betri, na betri huchakaa kabla ya wakati wake. Kuna aina ya kati yenye kirekebishi cha volti ndani, ambacho wauzaji hukijua kwa jina la AVR. Hicho hupandisha umeme dhaifu na kushusha uliozidi bila kuigusa betri. Na kuna aina ya tatu inayopitisha umeme wote ndani yake saa zote, ambayo ni ya mahospitali na maofisi makubwa, na bei yake ni ya huko huko. Kwa nyumba ya Lamu, mimi nasema ya kati. Uliza pia ikiwa tarakilishi yako ya mezani itaukubali umeme wa betri ya chombo hicho, kwani baadhi ya vyombo vya bei nafuu hutoa wimbi la umeme lililokatwa ngazi ngazi, na baadhi ya tarakilishi za kisasa huzima zikilipata. Omba lijaribiwe mbele ya macho yako kabla hujalipa. Kwa anayetoka Lamu, kurudisha bidhaa Mombasa ni safari nzima ya basi na boti.

Kama chombo kina waya wa kuzungumza na tarakilishi, kipendelee. Kwa waya huo na programu yake, tarakilishi itajizima kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. Mtu ameitika adhana ya Isha, ameacha kazi wazi mezani, umeme unakatika akiwa katika rakaa ya pili. Dakika zitamfaa nini ikiwa hayupo wa kuzitumia?

Printa ya leza isiguse soketi za betri. Inapopasha moto hudai mamia ya wati kwa ghafla, na hilo ndilo lililonichosha chombo cha kwanza. Pasi na friji ni vivyo hivyo. Naye mwenye tarakilishi ya kupakata tayari ana betri ndani, na ikiwa nzima, hana haja ya kutumia fedha zake hapa, labda kwa ajili ya modemu tu.

La tatu ni mahali. Betri ya risasi hupenda nyuzi 25 za joto, na kila zikizidi kwa 10 hivi, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Chini ya mabati wakati wa kaskazi, kile chumba changu cha juu kilikuwa tanuri. Sasa nimekishusha chini, ambako kuta nene za mawe ya matumbawe walizotuachia wazee huhifadhi ubaridi. Mjukuu wangu alitaka kukiweka ndani ya zidaka. "Babu, hapa kitapendeza," akaniambia. Nikamjibu kwamba zidaka liliwekewa mabakuli ya kaure, ambayo hayahemi, na chombo hiki chataka hewa pande zote. Kikae juu ya ubao, mbali na maji ya kudekia, mbali na dirisha lielekealo bahari, kwa sababu upepo wa chumvi huzila ncha za betri polepole.

Na hata ukifanya yote hayo, betri itakufa. Baada ya miaka miwili au mitatu hiyo ndiyo ajali yake, nami sioni haya kusema kwamba jambo la kwanza ninaloliuliza dukani siku hizi ni jinsi ya kuifungua na kuibadilisha. Chombo kisichofunguka ni cha kutupwa baada ya miaka mitatu. Chenye betri ya kipimo cha kawaida kitakufaa tena na tena. Kila mwezi chomoa plagi ukutani kwa makusudi, uone kama kingali na dakika zake. Ni bora ujue habari mbaya mchana, kazi yako ikiwa salama.

Betri iliyokufa isitupwe jaani, na baharini ndiko kabisa isifike. Tusisahau ya Owino Uhuru, huko Changamwe. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya makazi hayo hadi kilipofungwa mwaka 2014, na madini ya risasi yakawaingia wakazi damuni, watoto kwa wakubwa. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mrudishie muuzaji betri yako kuukuu unaponunua mpya.

Nina neno moja kwa wakubwa wetu. Tumezoea kuona harambee za kununulia shule na madrasa tarakilishi, picha zikapigwa na hotuba zikatolewa. Sijapata kusikia katika hotuba hizo mtu akitaja betri. Matokeo yake ni vyumba vya mashine zinazozimwa kwa mkupuo kila stima inapokatika, mpaka moja baada ya nyingine zikafunikwa kitambaa zisiwashwe tena. Anayechangisha fedha za tarakilishi kumi na achangishe pia za dakika kumi kwa kila moja. Bila hizo, amenunua nusu ya zawadi.

Mimi sasa ninacho chombo changu cha 650, kiko chini, hakina printa. Pembeni ya tarakilishi pana flashi ya nakala, na nyingine iko nyumba ya ndugu yangu mtaa wa pili, maana UPS hailindi kazi dhidi ya moto, mwizi wala diski iliyochoka. Na kando ya hizo pana daftari la karatasi na kalamu. Nimerudi kwenye muswada wa ukoo. Ninapolifikia neno lililoliwa na mchwa naacha nafasi tupu, natia nukta tatu, naendelea. Nafasi hizo zimekuwa nyingi. Wewe ambaye shangazi yako yu hai, nenda kesho alasiri ukamsikilize, na kabla hujaketi kuyachapa aliyokuambia, hakikisha dakika zako 10 ziko chini ya meza zinakungoja.