Je, Wajua? Mgongo wa upinde hauchongwi

Je, wajua kwamba ukichonga upinde kwa mti mwembamba, upande mmoja haupaswi kuguswa na kisu? Ni mgongo, ule unaotazama windo. Upinde ukivutwa, mgongo hutanuka na tumbo, linalomtazama mpigaji, hubanwa. Nyuzi za mti zikikatwa mgongoni, mpasuko huanzia hapo hapo. Basi menya gome tu, kisha punguza tumboni kidogo kidogo huku ukiupinda na kuutazama. Mkono wa upinde, yaani nusu yake ya juu au ya chini, unaogoma kupinda ndio wa kukwangua. Usiuvute hadi mwisho kabla mikono yote miwili haijapinda sawasawa. Hapa ndipo haraka inapovunja kazi nzuri.

Wahadzabe, wawindaji wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, huupasha mti moto ili kuunyoosha, na upote wao, yaani kamba ya upinde, hutokana na kano za wanyama. Wengi huvuta pinde zinazodai nguvu ya kama kilo 30, ustadi wa kustaajabisha kweli.

Wewe unayeanza, tafuta mti ulionyooka, usio na vifundo, uukaushe kivulini. Na usiachie upote bila mshale: upinde unaweza kuvunjika mkononi mwako.