Madaftari Yaliyofukiwa Birkenau

Waroma ni jamii ya Ulaya yenye asili ya Bara Hindi, na Wasinti ni tawi lao lililoishi katika nchi za Kijerumani tangu karne ya 15. Utawala wa Wanazi, kabla ya kuwaangamiza, uliwaandika. Mwaka 1936 iliundwa Berlin ofisi ya kuchunguza kile kilichoitwa usafi wa mbari, chini ya daktari Robert Ritter, ambaye wasaidizi wake waliwapima watu vichwa, wakawatoa damu na kuchora nasaba za familia zao, hadi zikapatikana tathmini zipatazo 24,000. Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS, alipoamuru tarehe 16 Desemba 1942 wapelekwe kambi ya mateso ya Auschwitz, kazi ya kuwatambua ilikuwa imekwisha kufanywa kwa kalamu.

Katika sehemu waliyotengewa huko Birkenau, tawi la kambi hiyo, familia zilirundikwa pamoja katika mabanda ya mbao yaliyobuniwa kuwa mazizi ya farasi, na kila aliyesajiliwa, hata mtoto mchanga, alichorwa kwa sindano namba iliyotanguliwa na herufi Z, herufi ya kwanza ya jina la Kijerumani walilobandikwa kwa dharau. Kati ya watu takriban 23,000 waliofikishwa huko, wapatao 21,000 walikufa kwa njaa, maradhi na gesi ya sumu.

Majina yao yalihifadhiwa na mfungwa mwenzao. Tadeusz Joachimowski, Mpoland aliyelazimishwa kuwa karani wa sehemu hiyo, alitambua katikati ya 1944 kwamba mwisho wa kambi umekaribia, hivyo yeye na wenzake wawili wakaiba madaftari ya usajili, la wanaume na la wanawake, wakayafunga kwa nguo, wakayatia ndooni na kuyafukia ardhini. Usiku wa tarehe 2 Agosti mwaka huo, watu zaidi ya 4,000 waliobaki, wengi wao watoto, wanawake na wazee, waliuawa kwa gesi. Ndoo hiyo ilifukuliwa Januari 1949. Unyevu ulikuwa umeharibu baadhi ya kurasa, lakini madaftari hayo, yenye orodha ya watu karibu 21,000, yalichapishwa kuwa kitabu cha kumbukumbu mwaka 1993.

Watesaji na nyaraka zao walikuwa na hatima nyingine kabisa, na hapo ndipo aibu ya baada ya vita ilipo. Ritter na msaidizi wake Eva Justin waliajiriwa katika huduma za afya za Frankfurt, wakachunguzwa, wala hawakuhukumiwa. Mwaka 1956 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani Magharibi iliamua kwamba kuhamishwa kwa nguvu kwa Wasinti na Waroma kulikofanywa na Wanazi mwaka 1940, kabla ya amri ile ya Himmler, kulikuwa hatua ya usalama, si mateso ya kimbari, na hivyo wengi wakanyimwa fidia. Ilibidi wahanga wenyewe wasimame: mwaka 1980 kundi la Wasinti liligoma kula katika eneo la iliyokuwa kambi ya Dachau, na mwaka uliofuata wanaharakati wao wakakalia hifadhi ya chuo kikuu cha Tübingen, hadi nyaraka za ofisi ya Ritter zilizokuwa humo zikahamishiwa hifadhi ya taifa. Kansela Helmut Schmidt aliyatambua rasmi mauaji hayo kuwa ya kimbari mwezi Machi 1982, miaka 37 baada ya vita, wakati wengi wa walionusurika walikuwa wamekwisha kufa bila kulipwa chochote.