Ukingo wa Kerio: Bonde Litazamwalo na Wengi, Literemkwalo na Wachache

Watu wa Ulaya wana ada ya kusafiri kwenda kutazama mabonde ya mito. Bonde la Rhine huko Ujerumani na lile la Douro huko Ureno yamepandwa mizabibu miteremkoni, na wageni hutoa fedha nzuri kupanda juu, wakasimama ukingoni, wakatazama chini, kisha wakashuka kuonja mvinyo. Kenya hii mizabibu ya mvinyo iko upande wa Naivasha, na ndugu zetu wa Tanzania wanayo yao Dodoma. Lakini bonde la mto lenye ukingo wa kushindana na hayo ya Ulaya, tena likayapita kwa kina, ni la Kerio, nalo halina mizabibu. Kwa msomaji wa pwani hiyo si hasara. Atatazama, atarudi kwake, na hapana atakayemuuliza alikunywa nini.

Safari na ianzie Chepkoilel, kiasi cha kilomita tisa kutoka mjini Eldoret kwa barabara ya Ziwa. Mwenye kujua Kikalenjin husikia ndani ya jina hili koi, yaani jiwe, na lel, yaani nyeupe. Pana chuo kikuu hapo. Zamani kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kikiitwa kwa jina la mahali penyewe. Mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Eldoret, na wenyeji wengi wangali wanasema Chepkoilel tu, kama vile watu wa Mombasa wasivyoacha kutumia majina ya kale ya mitaa yao.

Ukisimama Chepkoilel huwezi kudhani kwamba kuna bonde karibu. Nchi imetandazwa kama jamvi: mahindi, ngano, malisho, mistari ya mikalitusi, na upepo usio na cha kuuzuia. Huu ndio uwanda wa Uasin Gishu, uliopata jina kwa Wamaasai wa ukoo huo waliochunga hapa kabla ya kuondoka katika vita vya karne ya 19. Kabla yao walikuwapo wale ambao masimulizi huwaita Wasirikwa, na katika majani ya uwanda huu bado vinaonekana vishimo vya duara, vilivyokuwa mazizi yao ya ng'ombe. Makaburu walifika na magari yao ya kukokotwa na maksai mwaka 1908. Roosevelt wa Marekani alifika mwaka 1909, akawaona vijana wa Kinandi wakimzunguka simba na kumuua kwa mikuki. Kitu pekee kiinukacho katika tambarare hii yote ni Sergoit, kilima cha mwamba upande wa njia ya Iten, kikikaa peke yake mfano wa jahazi lililokwama pwani maji yalipokupwa.

Kutoka Eldoret hadi Iten ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu. Barabara inapanda polepole mno hata hujui kuwa unapanda, nawe unapofika Iten uko kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mji wenyewe unajulikana duniani kwa wakimbiaji. Shule ya St Patrick's, ambako Bruda Colm O'Connell wa Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha, imetoa mabingwa wengi, na asubuhi barabara imejaa vijana na wageni wakihema. Hayo yameandikwa sana, tuyapite.

Pita soko, endelea hatua chache mashariki, na nchi inakwisha.

Sisemi inateremka. Inakwisha, kama baraza linavyokwisha pale kwenye kizingiti. Chini ya miguu yako, kwa zaidi ya mita 1,000, limelala bonde la Kerio, rangi yake buluu ya moshi na kijani kikavu. Ng'ambo yake ni milima ya Tugen, ambayo watu wa misafara walikuwa wakiiita Kamasia. Nyuma ya milima hiyo, siku ambayo hewa ni safi, jicho linapapasa bonde jingine, la Baringo. Wataalamu wa mawe wanatueleza kwamba volkeno zilimwaga uji wa moto ukatandaa na kuganda juu ya miamba ya kale zaidi. Kisha ardhi ikapasuka, upande mmoja ukabaki juu na mwingine ukazama. Ndiyo sababu Chepkoilel ni jamvi na Iten ni kizingiti. Vijito vya uwandani vilivyojikuta vimekosa njia vinaruka tu, na maarufu kati ya maruko hayo ni maporomoko ya Torok, karibu na Iten.

Wageni wengi wanaishia hapo. Wanapiga picha, wanakunywa chai, wengine wanajifunga miavuli ya kuruka wakaelea hewani kama mwewe, kisha wanarudi Eldoret. Kwa maoni yangu hao wametazama wasione. Mandhari ya Kerio si picha ya ukutani. Ni nyumba ya ghorofa tatu, na kila ghorofa ina watu.

Ya juu huitwa Mosop, nchi ya baridi, misitu na viazi. Ya chini ni Keu, nchi ya joto, mtama, mbuzi na mbu. Kati yao, katikati ya magenge, upo ukanda mwembamba ambao Wamarakwet huuita Lagam, na huko ndiko wengi walikojenga tangu zamani: juu ya homa ya malaria, chini ya baridi, na mbali kidogo na mikono ya wavamizi wa ng'ombe. Mtu akikaa Lagam hupanda kwenda kuchunga na hushuka kwenda kulima.

Nasi watu wa pwani tusijione wageni kabisa hapa. Wazee wetu walilijua eneo hili kabla halijachorwa katika ramani za London. Misafara ya Pangani na Mombasa iliyofuata pembe za ndovu ilikuwa ikitua Baringo kwa Wanjemps, ambao leo tunawaita Wailchamus, kununua nafaka iliyomwagiliwa kwa mifereji. Joseph Thomson, yule Mskoti, alipokuja mwaka 1883, alifuatana kwa sehemu ya njia na msafara wa Jumbe Kimameta, tajiri wa Pangani, ndipo akavuka Kamasia na kuupanda ukingo huu wa Elgeyo kuelekea Ziwa la Viktoria. Jumbe huyo huyo ndiye aliyemwongoza Teleki, bwana wa Kihungari, katika safari ya 1887 na 1888 iliyofika Ziwa Turkana. Vitabu vikamsifu Thomson na Teleki. Wapagazi wa Kiswahili waliolipanda genge hili na mizigo kichwani hawakupewa hata jiwe la ukumbusho, na atakayesimama Iten akatazama mteremko ule ataelewa walibeba nini.

Sasa fuata maji, maana bila ya hayo bonde halisomeki. Kaskazini ya Iten, upande wa Marakwet, mito ya Arror na Embobut inatoka katika misitu ya milima ya Cherang'any na kulivunja genge. Huko wenyeji, karne kadhaa kabla ya kuja mhandisi wa serikali yoyote, walichimba mifereji ya kuyashika maji juu na kuyaongoza ubavuni mwa mwamba, kilomita baada ya kilomita, hadi mashambani. Palipokuwa na ufa waliweka magogo yaliyochongwa. Palipokuwa na genge tupu walijenga kwa mawe, matawi na udongo. Kila mfereji una ukoo wake, na kila ukoo una zamu yake ya mchana au ya usiku. Mvua ikiubomoa, wanaume wanaitana na kuujenga upya.

Matunda ya maji hayo utayaonja barabarani. Embe za Kerio zinauzwa kwa ndoo na kwa magunia, na miongoni mwake iko ngowe, embe ambayo Lamu na Malindi hawahitaji kujulishwa. Wakati wa msimu zinaiva kwa pamoja, wachuuzi wanakuja na bei ya kutupa, na nyingine zinaozea chini ya mti. Kilio kile kile cha mkulima wa Kilifi. Asali nayo ni ya sifa. Mizinga ya magogo inaning'inia katika migunga kote bondeni. Wenyeji wengine huichachusha asali ikawa pombe. Sisi tunainunua ikiwa bado asali, na aliyesoma chuoni anajua nyuki ana sura yake.

Hapa ndipo uzuri unapogeuka uso. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka Chesongoch, Marakwet Mashariki, ukazifunika nyumba watu wakiwa wamelala. Waliokufa walikuwa zaidi ya 20. Mwezi wa Aprili 2020 tope lilikuwa limelipiga Chesegon, mpakani mwa Marakwet na Pokot, likaliondoa soko. Mteremko ule ule unaoleta maji ndio unaoleta udongo, na msitu wa juu ukipungua, wa chini ndio wa kwanza kujua.

Lakini msitu huo nao una watu. Mwezi wa Januari 2014 serikali iliwatoa watu wa Embobut, wakiwamo Wasengwer, ambao wanasema msitu ule ni kwao tangu enzi za mababu. Familia zilizoandikishwa zilipewa shilingi 400,000 kila moja. Wako waliosema hawakupata, na wako waliosema hawakuwa wakiuza. Nyumba zikachomwa. Serikali ikasema inalinda chemchemi. Kuzilinda ni lazima, hilo silipingi. Ila mwenye kutazama kutoka Iten na kuusifu ukijani wa mbali ajue kwamba umepiganiwa, na kwamba shauri lake halijaisha mioyoni.

Wamarakwet wana kisa chao cha kilima cha Kipteber. Wasimulia kuwa watu walikuwa ngomani, ndege akaja kuwaonya kwamba kitu kinawaangukia. Waliosikia wakakimbia, waliobaki wakacheza hata kilima kikatua juu yao.

Anayetaka kuteremka na achukue gari la Kabarnet. Njia inajipinda kupitia Tambach, ambako ndiko yalikokuwa makao ya wilaya wakati wa ukoloni, na kwa kila pindo unavua nguo moja. Aliyevaa koti Iten atabaki na shati akifika Biretwo, na joto atakalolikuta analifahamu tangu utotoni. Mbele kidogo ni daraja la Cheploch, ambapo mto Kerio umelikata jabali ukapita katika korongo jembamba. Vijana wa hapo wanajirusha kutoka juu ya mawe hadi katika maji ya rangi ya chai ya maziwa, ambayo mamba nao wanayatumia. Ndovu wa Rimoi, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1983, wako kaskazini ya hapo. Na katika milima ya Tugen iliyo mbele yako ndiko ilikochimbuliwa, mwaka 2000, mifupa ya Orrorin, kiumbe wa miaka kama milioni sita aliyewashughulisha sana wataalamu.

Kaskazini zaidi, upande wa Tot, ulizia kwanza hali ya usalama. Wizi wa mifugo umemwaga damu nyingi huko. Murkutwa pekee, mwezi wa Machi 2001, walizikwa makumi. Cheploch na Tambach ni njia kuu, gari zinapita. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, ukungu ukiwa umekwisha kupanda na moshi wa mchana haujaja. Nawe ukiwa darajani, geuza uso magharibi uutafute ukingo uliosimama asubuhi. Utauona mwembamba kama uzi, na chini yake moshi wa mapishi ukitoka mahali ambapo, kutoka juu, ulidhani hapana mtu.