Weusi wa Karai Unatoka Wapi?

Kilichonipeleka soko la samaki Bagamoyo ni changu wa kukaanga. Kilichonikalisha ni moto.

Mama niliyemkuta aliitikia shikamoo yangu bila kuinua uso. Macho yalikuwa mafigani. Kuni kavu, zilizopasuliwa nyembamba, ziliwaka kwa ndimi nyepesi za manjano. Kijana wake alipochomeka gogo bichi, ndimi zikawa nzito na nyekundu, moshi ukatanda, ubavu wa karai ukaanza kuota weusi. Mama akalichomoa haraka. Moto ni kama mtu, alinieleza; ukiuziba pumzi hutema masizi. Kuni hazishindiliwi, huachiwa mwanya hewa ipite. Kisha akaniuliza swali lililonifuata hadi nyumbani: gogo ndani ni jeupe, moto ni wa manjano, huo weusi unatoka wapi?

Nimelitafuta jibu. Kuni zikipata joto hutoa gesi za kaboni na haidrojeni, na joto huzivunja kuwa vipande viitwavyo radikali, visivyotulia mpaka vishike kitu. Kimojawapo ni propajili, chenye kaboni 3 na haidrojeni 3. Viwili vikikutana, huweza kuunda pete ya kaboni 6. Pete huzaa pete, mwisho wake ni masizi. Hewa ikitosha, oksijeni huviwahi vipande hivyo njiani. Na ile manjano, mama, ndiyo masizi yenyewe yakingali yanawaka.

Kipande kinachodumu kitambo kifupi mno kinaonekanaje? Kwa mwanga wa infraredi, ule William Herschel aliougundua mwaka 1800 kwa kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu. Kaboni na haidrojeni zilizoshikana hutetema kama uzi wa udi, na kila kipande hunywa mawimbi yake tu. Propajili hunywa ya takriban mikromita 3. Leza ikipita motoni, mwanga uliopungua ndio unaokitaja.

Mama hana leza. Ana jicho, na kifua ambacho, asema, huujua moshi mbaya kabla ya jicho. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Je, mtungi wa gesi utahimili karai la kutwa nzima, na kwa bei gani? Nani amekipima kifua chake?

Wenye vipimo, njooni mafigani. Mtamkuta mwalimu.